Kiti cha Mlangoni

Mbwa akitaka kutoka nje haombi kama mtoto. Anaacha. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza katika nyumba ya madam, na nililijifunza nikiwa nimepiga magoti, nasugua kapeti. Mbwa alikuwa anatafuna kipira chake, anaacha. Alikuwa amelala juani karibu na dirisha, anaamka na kusimama tu katikati ya sebule kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Ukiona hivyo, weka chini ulichoshika uende mlangoni. Usimalize kupiga pasi hiyo kola. Usiseme ngoja kidogo. Hiyo kidogo ndiyo inayomwagika kwenye kapeti.

Miaka ile nilikuwa naishi Gatwekera, chumba kimoja cha udongo na mabati, mimi na mume wangu. Watoto tulikuwa tumewaacha kwa mama yangu huko magharibi. Kazi yangu ilikuwa ng'ambo ya Kawangware, kwenye zile nyumba zenye ua wa michongoma na soja wa kukuuliza unaenda wapi ilhali anakuona kila siku. Asubuhi nilipanda kupitia Soko la Toi wauzaji wakifungua mabunda ya mitumba, nikavuka Ngong Road, nikashika njia mpaka Kawangware na kuipita. Jioni nilirudi vilevile, kwa miguu ileile. Watu huuliza wanawake wa zamani walikuwa na nguvu gani. Nguvu gani? Tulikuwa tumechoka, basi, na mtu aliyechoka bado anaweza kutembea.

Madam na mumewe walikuwa watu weusi kama mimi, lakini nyumba waliinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, naye akawaachia kapeti, makochi na mbwa. Yule mbwa alijua Kiingereza kunishinda. Kiingereza changu kilikuwa cha "yes, madam", yeye alikuwa anaambiwa sentensi nzima na anaelewa. Nilipowaambia wapangaji wenzangu wa ploti yetu kwamba kuna mbwa anayelala ndani, anayefunguliwa mlango akajisaidie kwenye nyasi, walicheka sana. Jirani yetu fundi viatu, kapera wa kutoka kwetu aliyeshonea viatu barazani mlango wa pili, aliangusha nyundo.

"Shemeji, acha uongo. Mbwa anafunguliwa mlango? Mimi mwenyewe nani ananifungulia?"

"Oa," nikamwambia. "Utafunguliwa."

Lakini kwangu halikuwa jambo la kucheka. Siku ya kwanza kazini madam alinionyesha kapeti na kusema likichafuliwa tena, mimi na mbwa tutatoka siku moja. Msichana aliyenitangulia alimwaga unga kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo nilimtazama yule mbwa jinsi sijawahi kumtazama binadamu yeyote. Nilijua anapolamba midomo na hakuna chakula. Nilijua anapoinusa sakafu na kuzunguka, na kwamba akizunguka mara ya pili huna tena nafasi ya kuvaa viatu. Nilijua tofauti ya kulia kwa kutaka mchezo na kulia kwa kubanwa: kilio cha kubanwa ni chembamba, kinatoka puani, tena anakitoa akiwa amekupa mgongo, anatazama mlango. Kuna wakati anakuja anakukodolea macho hivi, kisha anakwenda mlangoni, anarudi, anakukodolea tena. Huyo amekuwa na subira na wewe. Usimdharau.

Siku nikiwa jikoni nisiweze kumwona, alikuwa na njia yake nyingine. Mnyororo wake ulining'inia kwenye msumari karibu na mlango wa nyuma, chini chini. Alikuwa anausukuma kwa pua mpaka unalia. Mwanzoni nilidhani anacheza. Nikamfokea. Akausukuma tena, akangoja. Nilipofungua alitoka mbio hadi kwenye nyasi, na alipomaliza alirudi akanipita bila haraka, kama bosi. Tangu siku hiyo sikuwa na haja ya kumchunga kwa macho. Naosha vyombo, mnyororo unalia, nafungua. Hakunisumbua na sikumsumbua.

Isipokuwa wakati mmoja, mimi nikiwa sokoni Kawangware nimetumwa mboga. Madam alikuwa kwenye simu, mnyororo ukalia na hakuna aliyesikia. Niliporudi nilikuta madam ameshika gazeti lililokunjwa na mbwa yuko nyuma ya kochi. Nilisafisha. Lakini baada ya hapo yule mbwa hakunywa maji. Namwekea bakuli, ananusa, anaondoka. Nikamwambia madam huenda ni mgonjwa, akasema ni maringo. Mimi nikaanza kumpelekea maji huko nje kwenye nyasi, na huko alikunywa mpaka akamaliza, akatafuta tone la mwisho kwa ulimi. Ala! Kumbe kiu anayo. Alichokuwa anakikimbia si maji.

Sikufikiria sana wakati huo. Nilikuwa na mengi ya kufikiria, maana ndiyo siku ambazo baba mkwe wangu aliletwa Nairobi.

Kiharusi kilimpiga akiwa shambani. Upande wa kulia ulipooza, na ulimi ukaenda nao. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, na mume wangu ndiye mwana wa pekee, kwa hiyo akaenda akamleta ili awe anahudhuria kliniki ya hospitali kubwa. Mzee alikuwa mrefu, mtu wa kofia na koti hata kwenye joto. Aliposhuka pale ploti akiwa ameshikwa kwapani, nilitazama viatu vyake.

Nilitazama viatu kwa sababu ndipo nilipopaswa kutazama. Kwetu mke hamtazami baba mkwe usoni. Hampi mkono. Hali naye meza moja, hapokezani naye kitu; unakiweka mahali, unaondoka, anachukua. Na yeye vilevile ana mipaka yake kwako, tena mikali zaidi: halali nyumba ya mwanawe na mkewe, na mambo ya mwili wake hayatajwi mbele yako hata kwa mafumbo. Huko nyumbani ni rahisi, kuna boma, kuna nyumba yake na nyumba yenu, kuna migomba katikati. Njoo ufanye hayo Gatwekera, kwenye chumba ambacho ukinyoosha mkono kutoka kwenye jiko unagusa kitanda.

Tulijitahidi. Fundi viatu alikubali mzee alale kwake. Mchana alikaa naye barazani, na kwa vile ni wanaume wawili hakukuwa na tatizo. Mzee akinyoosha kidole, fundi anachukua ufunguo wa choo cha ploti na kumshika mkono, wanakwenda, wanarudi. Lakini ilikuwa ni ile miezi ya baridi na manyunyu, na jioni haikuwezekana mgonjwa kukaa nje. Tena mume wangu alikataa katakata babake kuonekana ameketi kwenye baraza la watu kama asiye na mtoto mjini. Jioni, akasema, baba atakaa nyumbani kwangu, atakula kwangu, akalale akishakula.

Akampangia mahali pa heshima. Tulikuwa na kochi moja, akaliweka kwenye pembe ya ndani kabisa, nyuma ya meza, karibu na redio. Akatandika vitambaa. Pazia la kitanda tukalibana kwa pini pande zote. Mzee akaingizwa, meza ikasogezwa mbele yake ili chai iwe karibu. Ukitazama ungesema ni chifu. Na mume wangu alikuwa anarudi kutoka kiwandani usiku umeingia, kwa sababu ya ovataimu, kwa hiyo hizo saa za jioni tulibaki wawili: mimi kwenye jiko, nimempa mgongo kwa adabu, na yeye kwenye pembe yake, ameketi kwa adabu, hawezi kusema.

Yaliyotokea jioni ile sitayaeleza kwa urefu. Nilikuwa nasonga ugali. Nilisikia kiatu kikikwaruza sakafu, kikanyamaza, kikakwaruza tena. Nikatupa jicho, na jicho langu likaishia kwenye kiatu kama nilivyofunzwa. Mguu mzima, ule wa kushoto, ulikuwa unasukuma sakafu. Nikasema moyoni, baridi imemwingia. Nikaongeza makaa. Kisha nikasikia meza ikisukumwa, kikombe kikaanguka, na baadaye nikanusa.

Woi, jamani. Sikujua nigeuke au nisigeuke. Nilitoka nje nikamwita fundi, nikamwambia kikombe kimevunjika, aje amsaidie mzee. Fundi aliingia, akaelewa, akamtoa. Mimi nilirudi nikapiga deki, nikafua vile vitambaa usikuusiku ili mume wangu asivikute, na nilikuwa nalia. Sikulia kwa kinyaa. Uchafu nimeusafisha maisha yangu yote. Nililia kwa sababu alipokuwa anatolewa aligeuza uso wake ukutani, akaugeuza kabisa mpaka shingo ikamkaza, asinione. Na mimi nilikuwa nimefumba macho.

Tangu siku hiyo mzee hakula nyumbani kwangu. Wala hakunywa. Naweka chai mezani, inapoa, inaganda utando juu. Naweka uji, hivyohivyo. Mume wangu akija anambembeleza, mzee anafumba mdomo. Fundi akaniambia hata kule kwake asubuhi anakataa, analoanisha midomo tu. Mashavu yalianza kuingia ndani. Kliniki walisema mgonjwa wa aina hii asipokunywa maji hatafika mbali.

Kila mtu akaja na lake. Jirani mmoja akasema ni mkono wa mtu. Mwingine akasema wazee wa huko hawawezi maji ya bomba. Mume wangu alinunua kuku, nikampika kwa mchuzi mzito, mzee hakumgusa.

"Labda ni upishi wako," mume wangu akasema. "Labda kuna kitu umemkosea."

"Nimemkosea nini? Hata uso wake siujui!"

"Basi uliza."

"Nimuulize nani? Yeye hasemi, mimi sipaswi kusema. Tuulizane kwa redio?"

Hakucheka. Na mimi sikuwa nachekesha. Nilikuwa nimechoka mpaka maneno yalikuwa yanatoka yenyewe.

Nilijua kwamba nikimweleza kilichotokea nitakuwa nimemvua babake nguo mbele yake. Nikanyamaza. Nilienda kazini na kurudi, kwenda na kurudi, manyunyu kichwani, na kila jioni nikifika nakuta kwa fundi ile chai ya asubuhi imejaa vilevile. Niliogopa. Niliona mzee anatufia palepale kwenye kiti cha heshima, na ukoo mzima utasema ni mke wa mjini aliyemnyima chakula.

Siku moja nilikuwa kwa madam naosha sufuria, na mnyororo ukalia kule mlangoni. Nikafuta mikono nikaenda kufungua. Mbwa akatoka. Nikabaki nimeshika kitasa, na mvua inaingia ndani, na nikaanza kumfikiria alivyokataa maji. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa na maringo. Alikuwa amejifunga mwenyewe, asinywe, ili asije akahitaji mlango ambao hakuna atakayemfungulia. Na nikaona ule mguu ukikwaruza sakafu. Mungu wangu, nikasema kwa sauti. Huyu mbwa nimemsoma mpaka ulimi, na baba wa mume wangu nimemwekea meza mbele ya magoti na kumpa mgongo, eti heshima.

Jioni nilichukua ufunguo wa choo cha ploti, nikarudi nao mpaka Toi kwa fundi wa funguo, akanichongea wa pili. Nikaufunga kwenye kipande cha mti, kama ule mwingine, na kwenye kamba nikatunga vifuniko vya soda nilivyotoboa kwa msumari. Niliporudi, kabla mzee hajaingizwa, nilivuta kochi kutoka pembeni mpaka mlangoni, upande wa ndani pale mvua haifiki, mkono wake wa kushoto uelekee nje. Nikapigilia msumari kwenye mwimo wa mlango, kimo cha mkono wa mtu aliyeketi. Nikatundika ufunguo. Meza nikaiacha huko huko na redio yake.

Kisha nikamwendea fundi viatu. "Ukisikia vifuniko vikilia, njoo."

Alinitazama, akatazama mlango wetu. "Sawa, shemeji," akasema. Hakuuliza, na hilo nilimshukuru sana.

Mzee akaketishwa. Nikageukia jiko langu. Nilitia chai kwenye kikombe, nikaiweka kwenye kigoda karibu naye, nikarudi. Chai ikakaa. Ikapoa. Nikawa nasema moyoni, baba, kunywa, mlango huo hapo. Hakunywa.

Mume wangu alikuja. Alisimama pale mlangoni, maji yakimchuruzika kwenye kofia, akaangalia kochi, akaangalia babake, kisha akaniangalia mimi. Sijawahi kumwona akiwa na hasira vile, kabla au baadaye.

"Umemweka baba yangu mlangoni kama mbwa?"

Ploti nzima ilisikia. Na mimi, ninavyojijua, kinywa changu kilikuwa tayari. Nilitaka kumwambia heri mbwa, mbwa wa watu anafunguliwa. Nilitaka kumwambia kila kitu, kuanzia kiatu mpaka vitambaa. Nikauma ulimi nikaendelea kukoroga mboga.

"Ni wageni wasiojulikana wanaokaa mlangoni! Ni soja! Baba, samahani. Samahani sana." Akainama, akashika kochi kwa mikono miwili alirudishe pembeni na babake akiwa juu yake.

Halikwenda. Akavuta tena. Nikatupa jicho, na safari hii halikuishia kwenye kiatu: mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa umeshika mwimo wa mlango, umeshika kama mtu anayevutwa na mto.

"Baba, hapa ni mlangoni," mume wangu akasema taratibu.

Mzee akatikisa kichwa.

"Baridi inaingia, baba. Twende ndani."

Mzee akatikisa kichwa tena, akatoa sauti, ile sauti ya koo aliyokuwa nayo, na hakuachia mwimo mpaka mume wangu alipoachia kochi. Ndipo ule mkono ukashuka polepole, ukaenda kwenye kigoda, ukachukua ile chai baridi. Akainywa. Ilimmwagikia kidevuni na akaendelea kuinywa. Alipomaliza aliweka kikombe chini, akakisukuma kwa kidole kuelekea kwangu, kuelekea jikoni.

Nikamtilia kingine, cha moto.

Baadaye kidogo, mume wangu akiwa amekwenda kunawa, vifuniko vya soda vililia. Mara moja tu. Fundi alikuja kama mtu aliyekuwa anapita, "Mzee, tunyooshe miguu?" Wakaenda. Sikugeuka. Mume wangu aliporudi akakuta kochi tupu na sufuria ya ugali mezani, akaketi akala, hakuniuliza kitu. Sijui alijua nini. Hatukuwahi kulizungumza, na sasa hayupo wa kumuuliza.

Mzee alikaa nasi mpaka baridi ikaisha. Alipata nafuu ya kutosha kusimama kwa fimbo, lakini ulimi haukurudi. Kila jioni alikaa pale mlangoni, watu wa ploti wakimsalimia wakipita, na mashavu yakarudi. Mimi nilipika nikiwa nimempa mgongo, kama inavyotakiwa, masikio yangu kwenye ule msumari. Kisha mume wangu akamrudisha nyumbani, akamwachia mdogo wake mzee amtunze. Walipokwishaondoka niliona ufunguo haupo. Nikatafuta chini ya kochi, kwenye makaa, kwa fundi. Bibi Mnubi mwenye ploti alinisema siku nzima, eti ufunguo wa choo changu unazurura mjini. Nikaomba radhi, nikasahau.

Kwa madam niliendelea mpaka yule mbwa akazeeka, akawa anausukuma mnyororo na kuegemea ukuta. Nikaomba ruhusa ya Desemba, nikaenda nyumbani.

Nilifika bomani nikiwa na mzigo kichwani na vumbi la safari mpaka kwenye kope. Mzee alikuwa ameketi kwenye mlango wa nyumba yake. Nikasimama mbali, chini ya migomba, kama inavyopasa, macho chini. Nikaona viatu vyake. Na hapo kando, kwenye mwimo wa mlango wake, nikasikia vifuniko vya soda vya ule ufunguo.

Choo cha kwao ni shimo nyuma ya nyumba, mlango wake gunia. Hakijawahi kuwa na kufuli.

Ndugu yake aliacha kuchambua maharagwe, akainuka upesi, akamshika kwapani ampeleke nje. Mzee akatikisa kichwa, akamsukuma. Vifuniko vikalia tena. "Unataka nini, ndugu yangu?" yule mdogo akauliza, amechoka na yeye. "Unataka kwenda au hutaki?"

Mimi nilitazama mguu wa kushoto. Ulikuwa umetulia tuli kwenye vumbi, haukwaruzi chochote.

Nikatua mzigo, nikainama palepale nilipokuwa. "Ndiyo, baba," nikasema. "Mimi hapa, nimefika."